Aliyekaa Juu ya Keria

Mume wangu alipopunguzwa kazi kiwandani pamoja na wenzake, hakukaa nyumbani kulalamika hata wiki moja. Alikuwa seremala kabla ya kuwa mtu wa kiwanda, na miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, Arusha nzima ilikuwa inajenga. Kila aliyepata faida kidogo kwenye mitumba au mazao alitaka nyumba ya tofali, na nyumba ya tofali inataka milango. Tukafungua karakana nyuma ya nyumba yetu, Kimandolu. Asubuhi nilifundisha shule ya msingi, mchana nilipiga msasa. Mwaka wa pili tukanunua pikapu nyeupe iliyokuja na meli, imeshatumika huko ilikotoka, na mlangoni ilikuwa na maandishi ya Kijapani ambayo mpaka leo sijui yalisema nini.

Bodi yake ilikuwa fupi. Mbao tulizochukua Olmotonyi zilitokeza nyuma karibu nusu, na milango tuliyopeleka kwa wateja ilifika imekwaruzika pembeni. Tulihitaji keria, ya kuanzia nyuma ya bodi mpaka juu ya kabini. Jumamosi moja mume wangu akasema twende wote mjini, kwa sababu mimi nina jicho.

Ya kwanza tuliiona katika duka la vipuri, imetoka Dubai, inang'aa kama sufuria mpya. Mume wangu aliibonyeza kwa viganja viwili ikapinda kama mwanzi, akamshukuru muuzaji tukatoka. Ya pili ilikuwa kwenye gereji, imeng'olewa kwenye gari la watalii lililokwisha. Ilikuwa chuma kizito, kizuri, na aliipenda sana. Mimi ndiye niliyekataa. Nimelelewa na mama ambaye hakukubali kitanda cha kununua kwa mtu kiingie nyumbani kwake kabla hajajua nani alikuwa akikilalia, na tabia hiyo ilinikaa. Nilimwambia mume wangu hatujui ile keria imebeba nini. Akacheka, lakini akaiacha.

Nayaeleza haya ili ieleweke kwamba keria tuliyofunga ilikuwa mpya. Bomba zake tulizinunua wenyewe, zikiwa bado na mafuta ya kiwandani, tukazipeleka kwa mchomeleaji mmoja Levolosi. Hakuna mtu aliyezitumia kabla yetu.

Mchomeleaji alikuwa Mmeru wa makamo, mtaratibu, mwenye macho mekundu kama walivyo wengi wa kazi ile. Alipima gari kwa futi kamba mara mbili, kisha akauliza kama juu watakaa watu. Mume wangu akajibu ni milango na mbao tu. Fundi akaandika vipimo vyake kwa chaki ukutani, akasema ataitengeneza ya kubeba watu hata hivyo, maana mwisho wa yote watu hupanda.

Siku ya kuifunga tulikaa ng'ambo ya barabara kwenye kibanda cha chai, tukimwangalia. Alitoa waya wa betri kwanza, akachomelea miguu minne, akatoboa kuta za bodi na kupitisha bolti. Mbele, pale bomba zilipokaribia paa la kabini, aliweka vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye tyubu ya tairi, ili chuma kisile rangi. Kisha akachuchumaa upande wa kushoto na spana, akaanza kukaza. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka. Nikamsikia akisema, bila kuinua uso, "Mzee, shuka kwanza nikaze."

Akangoja. Akasema tena, kwa adabu zaidi. Halafu akasimama, akatazama juu ya kabini, kisha akatutazama sisi na vikombe vyetu mkononi. Alivuka barabara huku anafuta mikono, akamuuliza mume wangu ameshukaje upesi hivyo. Mume wangu akamwambia hajainuka kwenye benchi lile tangu tulipoagiza chai. Yule fundi akaeleza kwamba aliona miguu imening'inia upande wa kushoto, karibu na dirisha. Tulicheka wote watatu. Akasema moto wa kuchomelea unachezea macho, hata wa jana huweza kumrudia mtu leo. Lakini aliporudi kazini alikaza nati zote zilizobaki akiwa amesimama wima, uso kaupeleka juu, mikono inapapasa chini.

Tulienda na gari nyumbani. Jumatatu mume wangu akaniita uani nitazame. Gari likiwa tupu, mahali palipo sawa, liliinamia kushoto kidogo. Alipima kwa kamba na timazi. Akabadilisha springi ya upande huo, likaendelea kuinama vilevile. Akasema labda ni uzito wa keria haukugawanyika vizuri. Nilikubali.

Safari ya kwanza ya Olmotonyi ilikuwa mwezi wa sita. Wanaokaa huku wanaujua mwezi huo. Mlima hauonekani kwa siku nyingi, ukungu unashuka mpaka barabarani, na manyunyu hayana mwanzo wala mwisho. Tulipita Ngaramtoni, na mbele kidogo nikamwomba asimame ninunue maparachichi kwa mama mmoja aliyekaa chini ya mwavuli uliovunjika. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanichagulia manne mazuri. Nilipokwisha kulipa akanipa la tano.

"Hili la mzee," akasema.

Nilimuuliza mzee yupi.

"Huyo wa juu. Mbona mmemwacha kwenye baridi hii? Humo ndani mnatosha watatu."

Nilitoa kichwa dirishani nikatazama juu. Hakukuwa na mtu. Bomba zote zilikuwa zimelowa, na chini ya kila bomba matone yalikuwa yamejipanga kama shanga. Isipokuwa sehemu moja, juu ya dirisha langu kabisa. Pale bomba lilikuwa kavu, kipande cha urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Nililigusa ili nihakikishe. Lilikuwa kavu, na manyunyu yalikuwa yakiendelea kuniangukia usoni.

Niliporudisha macho kwa yule mama, alikuwa naye anatazama pale nilipotazama. Aliinua kapu lake, akarudi nyuma hatua tatu nne, akakaa huko bila mwavuli wake. Nilimwambia mume wangu twende. Parachichi lile la tano nililipeleka nyumbani, nikaliweka dirishani jikoni. Hatukulila. Lilikaa mpaka likawa jeusi, na hata kulitupa nilisitasita.

Mume wangu alisema yule mama ni mzee, haoni vizuri. Nilimkumbusha kwamba alinihesabia chenji sawasawa. Kuanzia siku hiyo, nikiwa ndani ya gari, sikukalia upande wangu kwa raha. Nilifunga kioo hata kwenye joto. Nilijua ni ujinga, lakini kila gari lilipopita kwenye shimo nilitazama dirishani kuona kama kuna kitu kitatikisika.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tunapeleka milango mitatu Sakina. Trafiki akatusimamisha. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye sauti ya chini. Alichukua leseni, akamwambia mume wangu kwamba kubeba abiria juu ya mzigo ni kosa, na tena mtu wa umri ule. Huku anasema alikuwa anaandika kwenye karatasi yake. Mume wangu akamjibu kwamba hatuna abiria. Trafiki akamaliza kuandika sentensi yake ndipo akainua macho.

Nilimwona akizunguka gari. Aliinama akachungulia uvunguni. Akainua pembe ya turubai iliyofunika milango. Akatazama barabara, mbele na nyuma, na ilikuwa nyeupe, hakuna hata mbuzi. Aliporudi dirishani uso wake ulikuwa umebadilika.

"Amekwenda wapi?" akauliza.

Mume wangu akamuuliza huyo mtu alikuwaje. Nadhani aliuliza kwa ubishi tu, ili amshinde. Trafiki akajibu kama anayesoma, kwamba ni mzee mwenye mvi, koti refu la kijivu, amekaa mbele kabisa juu ya kabini. "Mguu mmoja una kiatu cha tairi," akasema. "Mwingine hauna."

Mume wangu alizima gari. Trafiki alirudisha leseni, akasema twende salama, akataka kuichana ile karatasi. Hapo mume wangu akanyoosha mkono, akamwomba ampe. Yule kijana akasita, kisha akampa. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri: abiria mmoja, mwanaume, mzee, juu ya keria.

Tulipeleka milango. Wakati wa kurudi alisimamisha gari kando ya barabara, mahali penye mikaratusi, akanieleza jambo ambalo katika miaka kumi na moja ya ndoa hakuwahi kulitamka.

Nilikuwa nimeolewa na mtoto wa kwanza wa familia. Ndivyo nilivyoambiwa na ndivyo ukoo wote ulivyomtaja. Kumbe alikuwa na kaka. Yeye alipokuwa na miaka kumi na mbili hivi, na kaka yake kijana wa ishirini, mtamba mmoja wa ng'ombe alipotea msituni juu ya Olmotonyi. Baba yao alimwagiza mdogo akamtafute. Siku hiyo kulikuwa na ukungu na yeye aliogopa, akajificha ghalani, nyuma ya magunia ya mahindi. Kaka akalichukua koti la baba, la kijivu, akaenda badala yake. Mtamba alirudi mwenyewe kesho yake. Kaka hakurudi. Walitafuta siku nyingi, wanaume wa vijiji vitatu, na kilichopatikana ni kiatu kimoja cha tairi kando ya kijito. Hapakuwa na cha kuzika, kwa hiyo hawakuzika. Baba yao alikataza jina lake lisitajwe, na alipokufa hakuna aliyeliondoa lile katazo.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza jambo moja tu lililokuwa likinisumbua. Kaka alipotea akiwa kijana, sasa hawa watu wote wanamwona mzee, imekuwaje?

Alifikiri. "Angekuwa zaidi ya hamsini sasa," akasema. "Basi amezeeka."

Maneno hayo yaliniogofya kuliko yote yaliyotangulia. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba wafu hubaki na umri wao.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda kwa mama mkwe. Boma lake liko upande wa magharibi wa mlima, mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya shule na ya wageni, na nyumbani wanazungumza Kimaa. Mimi ni Mchaga, Kimaa changu ni cha kuombea maji, kwa hiyo mengi yaliyosemwa siku ile nilitafsiriwa. Mama alikuwa mwembamba, mrefu, shingo imenyooka. Wote tulimwita Yeyo, yaani mama kwa lugha yao. Tulimwamkia, akatuwekea mkono kichwani kila mmoja kama ada yao, akatupa loshoro ya mahindi na maziwa mgando. Mume wangu alikula kidogo akaweka bakuli chini, akamweleza. Alimsomea na karatasi ya trafiki.

Nilimtazama Yeyo usoni. Nilitarajia kilio. Alichukua ile karatasi, akaigeuza huku na huku, na hajui kusoma, akaikunja mara nne akaitia kwenye kikebe alichowekea pesa za sadaka. Kisha akatoka nje, akaenda moja kwa moja kwenye gari. Alisimama mbele yake muda mrefu, ameinua uso. Mimi na mume wangu tulisimama nyuma yake, na nakiri kwamba moyo wangu ulikuwa ukimwomba Mungu yule mama aone.

Hakuona kitu. Aligeuka akamuuliza mwanawe amekaa upande gani. Mume wangu akamwonyesha. Akasema apandishwe.

Tulimkatalia kwa heshima, tukamweleza umri wake na utelezi wa chuma. Alikuwa ameshashika bomba. Basi mume wangu akamwinua kutoka chini, mimi nikamsukuma miguu, akapanda kwenye bodi, kisha juu ya kabini. Akakaa upande wa kushoto, akaning'iniza miguu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na kwa dakika fulani niliona miguu yake na shuka lake tu, juu hakuna kichwa. Tulimsikia akizungumza Kimaa, sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na mwenzake wakimenya viazi. Mara ananyamaza, mara anaendelea. Mume wangu aligeuza mgongo akatazama zizi. Nilimuuliza anasema nini, akatikisa kichwa. Hakunitafsiria, na sijamuuliza tena.

Aliposhuka alikuwa anatetemeka kwa baridi. Alipapasa paa la kabini, akapapasa mbele, akamwambia mwanawe kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie:

"Hana pa kushika. Mtamwangusha."

Jumatatu tukarudi Levolosi. Mume wangu alimwomba mchomeleaji aongeze bomba mbele, lililopinda, la kimo cha kifua cha mtu aliyekaa. Fundi hakuuliza ni la nini. Alilipinda kwa moto, akalisugua kwa msasa mahali pote ambapo kiganja kingegusa, akapiga rangi ya kuzuia kutu kisha nyeusi. Alifanya kazi nzuri kuliko tuliyoagiza. Tulipomuuliza gharama alitaja ya bomba peke yake.

Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyetuuliza tena. Tulipita Ngaramtoni mara nyingi, tukasimamishwa na trafiki wengine, wakakagua matairi na taa wakaturuhusu. Yule mama wa maparachichi aliniuzia kama mteja yeyote na hakutazama juu. Gari liliendelea kuinama kushoto. Rangi ya lile bomba jipya ilianza kulika sehemu mbili, zilizoachana kama mikono miwili inavyoachana, ingawa hatukuwahi kufunga kamba pale. Nililiona nikiosha gari, nikamwita mume wangu, akatazama, akaniambia nisipake rangi tena.

Nilidhani atafarijika watu walipoacha kuuliza. Haikuwa hivyo. Alianza kupunguza mwendo kila tulipokuta watu wamesimama barabarani, hasa wazee. Alishusha kioo. Aliwaamkia watu asiowajua, shikamoo mama, shikamoo baba, akangoja kidogo kabla ya kuondoa gari. Waliitikia marahaba, wakauliza kama tuna nafasi mpaka mjini, au hawakuuliza kitu. Mimi nilikaa pembeni yake nikitazama mbele.

Yeyo naye alikuwa akingoja. Kila tulipokwenda, baada ya salamu na kabla ya chakula, alimuuliza mwanawe kama kuna mtu amemwona. Mume wangu alijibu hapana. Yeyo aliitikia kwa kichwa, akaendelea na shughuli zake. Iliendelea hivyo mpaka mvua za vuli, na nilimwona yule mama akipungua, shingo ile ikianza kuinama.

Mara ya mwisho ninayoikumbuka vizuri, tulimkuta karibu na zizi na kibuyu mkononi. Akauliza swali lake. Mume wangu akasema ndiyo. Akamwambia kwamba bibi mmoja sokoni Ngaramtoni alimwona juu ya gari, ameshika bomba vizuri, uso wake mzima, amevaa na kofia ya sufu kwa ajili ya baridi.

Nilikuwa naye sokoni siku hiyo. Hakuna bibi aliyesema kitu. Nilitazama chini.

Yeyo alikigeuza kibuyu, akamwaga maji yaliyobaki ndani yake.

"Kofia hakuipenda hata utotoni," akasema. "Kama ni yeye, ataivua." Akafungua kijimlango cha zizi, akainama, akaanza kukamua.